Majani Ndani ya Firigisi

Katuba, Lubumbashi
Jumatano, tarehe 10 Desemba

Kwako yaya Sylvain, kaka yangu mkubwa,

Yambo sana, yaya. Kabla ya lolote nataka kujua kama kile kikohozi cha vumbi la Kolwezi kimekuacha, na kama yule mama wa pale unapopanga bado anakusongea bukari laini usiyoipenda. Hapa nyumbani mvua imeshika kweli. Tangu sikukuu ya Watakatifu Wote haipumziki, na lupango letu, ua mzima, limekuwa kijani mpaka mlangoni pa choo. Mama anakusalimu. Baba anakusalimu. Mulamu Syntiche, mke wako, hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo hakunituma salamu, lakini ninajua angezituma.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Unaijua simu ya mama: mtu akipiga, mama anafungua sauti yote, na majirani wanaitikia salamu kabla yetu. Na mimi unanijua. Hata shuleni, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa naliandika pembeni mwa daftari na kumsogezea alisome mwenyewe. Ndiyo sababu nimeandika. Jephté wa nyumba ya pili, yule anayeendesha lori la saruji, anaondoka kesho na ameniahidi kukutia barua hii mkononi. Tafadhali, isome yote kabla hujapanda basi. Usiisome nusu ukakasirika.

Ninajua mama amekupigia. Amekuita uje Jumapili, ukoo ukae, na mke wako arudishwe kwao Lukafu mpaka mambo yafahamike. Ninajua pia kwamba hakukueleza mambo yenyewe, maana nilimsikia akisema mambo kama haya hayapiti kwenye simu. Acha nikueleze mimi, tangu mwanzo, jinsi yalivyokuja mbele ya macho yangu.

Ulipoondoka mwezi wa nane, wale kuku kumi na wawili wa mama walikuwa wakitembea watakavyo. Mwezi wa kumi jirani alikuja kulalamika kwamba wamechakura matembele yake mpaka mizizi, na baba akawajengea banda la wavu nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo wakawa wanakula pumba za mahindi tu, asubuhi na jioni. Haikupita hata wiki mbili wakaanza kunyonyoana manyoya. Yule jike mwekundu alibaki mgongo wazi kama amechomwa na maji ya moto. Mama alisema ni ugonjwa wa mvua, utapita.

Halafu, karibu na katikati ya Novemba, nilianza kumwona mulamu akitoka mapema, kabla mama hajawasha makaa ya mbabula. Alikuwa anachukua lile beseni la kuoshea vyombo, analifunika kitenge, anashuka upande wa mtoni. Akirudi, beseni limejaa na kitenge kiko juu yake. Hakupita mbele ya nyumba. Alizunguka nyuma ya jiko, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua majani, moja moja. Mengine aliyanusa na kuyatupa nje ya ua. Mengine aliyakata kwa kisu mpaka yakawa madogo kama tumbaku. Yaliyobaki aliyafunga fungu kwa uzi mwekundu, akalitundika ndani ya banda, juu kidogo ya vichwa vya kuku, wakawa wanarukia. Na muda wote huo midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Yaya, niliyaangalia haya kwenye dirisha la jiko asubuhi nne. Mtu mwingine angefungua mlango na kuuliza. Mimi nilisimama tu. Asubuhi ya tano mama alinikuta pale, akaangalia naye. Alinishika mkono kwa nguvu na kuninong'oneza: "We Nono, muntu anachagula mayani vile, ingine anatupa, ingine anabakisha, njo kusema anajua yenye iko natafuta."

Wakati huohuo baba alikuwa anaumwa. Tumbo lilikuwa linawaka kama amemeza makaa, na asubuhi alikuwa anatapika kabla ya chai. Uso wake umekonda, yaya. Utakapomwona usishtuke mbele yake. Nilimsindikiza kwenye zahanati. Muuguzi alimwuliza anakula nini na anakunywa nini. Baba alijibu bukari, mboga, chai na maji. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeshika karatasi yake ya matibabu. Walimpa dawa ya tumbo, akaimaliza, na tumbo likabaki vilevile.

Sasa ninafika kwenye siku ya kuku. Jumapili tarehe 23 Novemba baba mdogo Ephraïm alikuja kutoka Likasi, na mama akachinja yule jogoo mweusi kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyepewa kumsafisha. Unajua kwetu firigisi ni ya baba tangu enzi za babu aliyefanya kazi relini. Hata aje mgeni wa heshima gani, haigusi. Mama hajawahi kuionja. Wewe uliwahi kuila ukiwa darasa la tatu ukalala bila chakula, na mpaka leo baba mdogo akila kuku anakucheka.

Niliipasua. Nilitegemea kukuta pumba na vijiwe. Nilikuta donge la majani mabichi, kijani kabisa, na ndani yake kipande cha uzi mwekundu kilichojikunja.

Nilikaa nacho kwenye kiganja. Nilifikiri hivi, yaya, na ninakuandikia kama nilivyofikiri: nyama ya kuku tunaila sote, lakini firigisi inaliwa na mtu mmoja. Mtu akitaka kumfikia baba peke yake, bila kutugusa sisi wengine, angepitia wapi? Angepitia hapa. Nilichana karatasi kwenye daftari langu la zamani la biolojia, nikafunga lile donge pamoja na uzi, nikampelekea mama chumbani.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeogopa kidogo tu. Alifunga mlango, akamwita baba mdogo Ephraïm, wakaiangalia ile karatasi kitandani kama watu wanaoangalia nyoka asiyejulikana kama amekufa. Baba mdogo alisema watu wa Lukafu wanajua majani, kwamba mtoto wa kule anafundishwa majani kabla ya kufundishwa kusoma. Mama alisema ndiyo maana: miaka miwili yuko hapa hajazaa, hajanuna, hajajibu neno baya. "Muntu wa kuchekaka kila siku vile," alisema, "iko nacheka nani?"

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika bila mtu kusema kitu. Mama alihamishia chumvi chumbani kwake. Alianza kupika mwenyewe, na mulamu akitaka kushika mwiko, mama alimwambia, "Pumzika, mutoto, pumzika." Mulamu aliuliza amekosa nini. Mama alijibu kwamba hakuna aliyesema amekosa. Kila fungu la majani lililotundikwa bandani, mama alilitoa na kulitupa nje ya ua kwa kijiti, ili asiliguse. Hakuna kuku aliyechinjwa tena. Na mimi, nikipewa chai na mulamu, nilikuwa naiacha ipoe, halafu naimwaga nyuma ya nyumba. Ndiyo, yaya, mimi niliyekuwa nasukwa nywele naye kila Jumamosi.

Sijui nani alilitoa neno nje, lakini lilitoka. Bombani akina mama walianza kusogeza madumu yao mulamu akifika. Mmoja alimwita Mama Mayani, mama wa majani, na wengine wakalipokea hilo jina. "Mama Mayani, leo unatupikia nini? Ya bantu ao ya nkuku?" Wakacheka. Mulamu naye alicheka kidogo, kwa sababu alidhani wanamtania juu ya kuku. Nilikuwa nyuma yake na dumu langu, na nikamwona anavyoacha kucheka pole pole, alipogundua kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona utani pale.

Baba hakupona. Wiki mbili bila firigisi, bila kuku, bila mkono wa mulamu kwenye sufuria, na bado anatapika. Mimi nilidhani mama atajiuliza. Lakini mama alisema hiyo ndiyo alama yenyewe: dawa imekwisha kuingia kwenye damu, na haitatoka mpaka aliyeiweka aondoke. Jumapili iliyopita baba mdogo alirudi, wakakaa sebuleni, wakamwuliza baba anasemaje, maana yeye ndiye mwenye nyumba. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Baba akasema labda ni heri mtoto wa watu aende kwao kwanza, tuone. Hakumwangalia mama wala baba mdogo. Aliniangalia mimi.

Jumatatu nilimfuata mulamu. Alishuka njia ya mtoni mpaka kwenye zile bustani ambako akina mama wanalima lenga-lenga na kabichi. Nilijificha nyuma ya migomba. Nilitegemea kumwona peke yake, mahali pa giza, na mtu wa kumpa vitu. Nilimwona ameinama katikati ya matuta ya lenga-lenga, anang'oa magugu na kuimba kwa sauti kabisa. Mama Lombe mwenye bustani alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamsimulia habari za mgongo wake. Na huyo Mama Lombe ndiye aliyeniona. Alipaza sauti: "We mutoto wa kwa Mama Constance! Nyuma ya migomba kuko siafu, itakulumaka kwenye hautapenda kuonyesha bantu! Kuya huku!"

Nilitoka, yaya, nikiwa na haya ya kufa. Siafu walikuwepo kweli.

Mama Lombe alinieleza bila mimi kuuliza. Hawezi tena kuinama, na mke wako anampalilia matuta matatu kila asubuhi. Malipo yake ni magugu yenyewe. Mulamu alinionyesha beseni. Hakuna kitu ndani yake ambacho hujawahi kukanyaga: nyasi laini, lenga-lenga ya porini, na yale majani yenye mbegu nyeusi zinazonasa kwenye soksi. Alisema kwao baba yake anafuga, na kuku waliofungiwa na kulishwa vitu vikavu tu wanachoka, na wakichoka wanaanza kulana manyoya. Ukiwapa majani mabichi wanapata kazi ya kufanya, na kiini cha yai kinakuwa chekundu. Nyasi ndefu anazikata ndogo ili zisijisokote tumboni mwao. Anayatupa yale yanayotoa maziwa meupe, na yale ya kando ya barabara yanayonuka mafuta ya magari, ndiyo maana ananusa. Anayatundika ili warukie na kusahau migongo ya wenzao. Kitenge ni kwa ajili ya jua, majani yasinyauke. Uzi mwekundu ni wa gunia la vitunguu la Mama Lombe. Niliuona unaning'inia pale. Na midomo yake, akiwa nyumbani, inaimba wimbo uleule anaouimba bustanini, ila kimya, kwa sababu mimi na mama tunakuwa tumelala.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mama. Alisema alimwambia, mwezi wa kumi, na mama akamjibu kwamba majani ni ya mbuzi na kuku wake hawajafika hapo. Akaamua kuwapa bila kusema, manyoya yaote kwanza, ndipo amwonyeshe mama yule jike mwekundu amevaa vizuri. Basi. Hakuna kingine, yaya. Hiyo ndiyo dawa yote ya Lukafu.

Sasa ninafika mahali ambapo nimechana barua hii mara tatu.

Baba anakunywa. Lutuku, yaya, pombe kali ileile ya zamani. Ameanza tena tangu mwezi wa nane, ulipokwisha kuondoka. Na anayemletea ni mimi.

Wiki ile niliyopata diplome yangu ya kumaliza shule aliniita uani, akaniambia kwamba sasa nimekuwa mtu mzima, na ana kazi ya siri ya kunipa, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye mtoto anayejua kunyamaza. Nilijisikia vizuri, yaya. Hakuna aliyewahi kusifu kunyamaza kwangu. Alinituma Kamalondo kwa mjane wa rafiki yake wa reli, nyuma ya duka la fundi cherehani, nikachukue chupa ya dawa ya mgongo. Safari ya kwanza niliamini. Safari ya pili kifuniko kililegea ndani ya begi langu la shule, na mpaka leo daftari zangu zinanuka. Tangu hapo nilijua, nikaendelea kwenda, kila Jumanne na kila Ijumaa. Anainywa kwa kikombe cha chai nyuma ya choo kabla ya kifungua kinywa. Nilimwomba aache. Akanikumbusha jinsi alivyoapa kuacha pombe mbele ya jumuiya nzima ya kanisa miaka mitatu iliyopita, watu wakampigia makofi, nawe ulikuwepo, na jinsi sasa yeye ndiye anayeongoza sala. Alisema nikifungua mdomo atakuwa hana uso wa kusimama mbele ya watu.

Kwa hiyo pale zahanati, muuguzi alipouliza anakunywa nini, niliinamia ile karatasi kana kwamba jibu limeandikwa pale. Na siku ile nilipopasua firigisi na kuona majani na uzi, unajua nilisikia nini kwanza, kabla ya woga? Nilifurahi. Nilifurahi, yaya. Kwa sababu kama ni majani, basi si chupa. Kama ni mulamu, basi si mimi. Nilikuwa nimebeba ugonjwa wa baba kwenye begi langu wiki baada ya wiki, na hapa mbele yangu kulikuwa na mtu mwingine wa kuubeba. Mama hakuniambia niifunge ile karatasi. Nilikimbia nayo mwenyewe.

Haya yote nilimwambia mulamu pale pale bustanini. Mama Lombe alijifanya anaangalia kabichi. Nilidhani mulamu atalia au atanipiga. Alipangusa udongo mikononi na kuniambia kwamba habari ya chupa alikuwa anaijua tangu Oktoba. Aliosha begi langu siku moja nikiwa kanisani. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza, wakati nyumba nzima inamgeuzia mgongo. Alisema, "Nikisema, batasema nimekutupia weye juu ya kujiokoa. Halafu batakupiga, na miye batanifukuza tu." Akaniwekea beseni kichwani, tukapanda nyumbani. Hakuniomba niseme kwa mtu. Laiti angeniomba.

Jana ilikuwa Jumanne. Baba alinipa chupa tupu kama kawaida. Nilibaki nayo mkononi, nikamwambia siendi. Sijawahi kumwambia baba neno hilo tangu nizaliwe. Alikaa kwenye kigoda, akasema nisipokwenda atakwenda mwenyewe na ataanguka njiani. Nikamwambia nakuandikia wewe. Akauliza kama nitaandika yote. Nikasema yote. Basi akaniomba kitu kimoja tu, nisubiri Noeli ipite, kwa sababu ni yeye atakayeongoza sala ya mkesha. Aliniomba kama mtoto anavyoomba. Nilimwambia: "Lakini mulamu anaondoka Jumapili, baba. Noeli iko mbali." Aliinuka akaingia ndani. Chupa ninayo mimi, chini ya kitanda changu.

Yaya, ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usije kumchukua mke wako kumpeleka Lukafu. Njoo tumpeleke baba hospitali, na safari hii daktari aambiwe ukweli. Bado anatapika, na ninaogopa zaidi kila siku. Mama ataumia. Atasema tumemvua baba nguo hadharani. Lakini mulamu tumekwisha kumvua, na yeye hakunywa kitu.

La pili, njoo na barua hii mfukoni. Jumapili nitasimama mbele ya mama, baba mdogo na wote watakaokuja, na nitajaribu kusema. Nimejizoeza bustanini, Mama Lombe akisikiliza, nikafika nusu. Sauti ikinikataa, nipe karatasi nisome. Nikishindwa kusoma, soma wewe, na mimi nitasimama karibu nawe ili wote waone ni nani aliyeandika. Soma yote. Wakinuna, endelea. Na ukifika pale nilipoandika kwamba nilifurahi, usiruke.

Wasalimie rafiki zako wa kazini, na yule mama wa bukari laini umwambie asante kwa kukulisha. Mungu akutunze njiani na akulete salama kwetu.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuomba msamaha, wewe pamoja na mke wako,

Myriam Kunda
Nono